Kubadili Nyuzi za Litungu

Litungu ni kinubi cha Wabukusu, chenye nyuzi saba, nacho husikika katika arusi na sherehe za tohara, Bungoma na hata upande wa Kitale. Zamani nyuzi zake zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, ile ya wavuvi. Nailoni haiozi, lakini hukatika.

Hodari wa kupiga si lazima awe hodari wa kutengeneza. Mwenye haraka hufungua nyuzi zote saba kwa mara moja. Mara kile kijiti kinachosimama juu ya ngozi na kubeba nyuzi huanguka au kusogea, kwa sababu hakikupigiliwa msumari: mkazo wa nyuzi ndio unaokibana, pamoja na nta kidogo ya nyuki. Kikirudishwa pengine, hata kwa upana wa kidole tu, sauti zote hubadilika, na mpigaji hupambazukiwa akiitafuta sauti aliyokuwa nayo jana. Mandolini ya Kizungu ina tabia hiyo hiyo.

Basi mwenye litungu na atie alama ya kalamu ya risasi pembeni mwa miguu ya kijiti, kisha abadili uzi mmoja mmoja, akiukaza kabla ya kugusa mwingine. Nailoni mpya huendelea kunyooka siku mbili tatu. Kwa hiyo asingoje usiku wa kuamkia arusi. Tena Kitale kuna baridi kuliko Bungoma, na ngozi yenye unyevu hulegea. Chombo kianikwe juani kwanza, ndipo nyuzi zikazwe. Lakini kisisahauliwe huko, maana ngozi iliyokauka mno hupasuka.