Safari ya Berlin Huanzia Lindi

Kuanzia Februari, wanafunzi wa uandishi wa habari wanaotaka kwenda kozi fupi za Ulaya wakati wa likizo ndefu huanza kubisha hodi kwa wahadhiri wao. Wanauliza viza, wanauliza nauli, wanauliza kama Julai kuna baridi. Ni nadra kumpata wa kuuliza: nikifika nitaandika habari gani? Swali hilo huachwa hadi ndege iko angani, na ndiyo maana wengi hurudi na picha za Lango la Brandenburg na makala ya “maisha ya Berlin” ambayo hakuna mhariri wa kuichapisha.

Nitazungumzia Ujerumani, kwa sababu Watanzania tuna mambo nayo ambayo hayajakwisha.

Makaratasi kwanza, tuyamalize. Viza ya Schengen ya muda mfupi inaruhusu siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Masharti hayo yanatimizika. Kinachoangusha watu ni kuchelewa kuomba miadi. Anayesafiri Julai aanze kuitafuta mapema, Machi ikiwezekana. Barua ya chuo mwenyeji nayo ieleze wazi kwamba atafanya mazoezi ya kuripoti, asije akaulizwa uwanja wa ndege mtalii gani huyu mwenye maikrofoni tatu begini.

Sasa habari yenyewe. Katika ukumbi wa Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia asilia ya Berlin, amesimama mjusi wa Tendaguru, kiunzi cha dinosaria kutoka Lindi, kimo zaidi ya mita 13. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Suala la mjusi huyo limeshafika bungeni Dodoma zaidi ya mara moja: arudishwe, au Lindi ipate chochote kutokana naye? Mwanafunzi anayekutana naye kwa mara ya kwanza akiwa Berlin ataandika kile ambacho kila mwenye tiketi amekiona. Lakini aliyefika Tendaguru kwanza, akazungumza na wazee wa vijiji vya jirani, akajua kuwa msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ataingia ukumbini akilitafuta jina hilo kwenye vibao vya maelezo. Akilikuta au akilikosa, tayari ana swali la kumuuliza mtunza mikusanyo.

Moshi kuna habari nyingine ya namna hiyo. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na fuvu lake, linalosemekana kupelekwa Ujerumani, bado linatafutwa. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilioanisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin na familia zilizo hai Kilimanjaro. Songea nako, Novemba mwaka huohuo, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya Majimaji. Miezi kadhaa baadaye, Agosti 2024, sehemu ya barabara ya Petersallee katika mtaa wa Wedding ilipewa jina la Maji-Maji-Allee. Barabara hiyo ilikuwa imepewa jina la Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki. Mwaka 1986 wenye mji wakatangaza kwamba Peters anayeenziwa ni mwingine, Hans, na vibao wakaviacha palepale! Habari ya aina hii haihitaji kutiwa chumvi.

Kwa hiyo nusu ya kazi ifanyike nyumbani, Mei au Juni. Huku nako kuna taratibu. Barua ya utambulisho ya chuo ipite wilayani kwanza, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Anayeruka ngazi hurudishwa chini. Na kabla ya kumgongea mzee mlango, mwanafunzi aitazame filamu ya The Empty Grave ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, iliyooneshwa kwenye tamasha la Berlinale mwaka 2024. Familia zinazodai mabaki ya wazee wao zimeshasimulia mara nyingi. Anayekwenda kuuliza yaleyale anawachosha bure. Aende na swali jipya, aahidi kurudisha nakala ya kazi yake, na airudishe kweli.

Darasani jambo ninalolikazia zaidi ni sheria ya kurekodi, maana hapo ndipo mazoea yetu yanapoweza kumtia mtu matatani. Tumezoea kuwasha simu, kuiweka mezani na kuendelea na mazungumzo, mara nyingine bila kusema lolote. Ujerumani, kifungu cha 201 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema kurekodi maneno ya faragha ya mtu bila idhini yake ni kosa. Adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Basi idhini iombwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa, kisha iombwe tena kikiwa kimewashwa ili ibaki kwenye rekodi.

Picha nazo zina sheria yake, ya mwaka 1907, na asili yake inafaa kusimuliwa. Bismarck, yuleyule aliyewaalika wakubwa wa Ulaya Berlin mwaka 1884 kujadili Afrika, alifariki Julai 1898. Usiku huohuo wapiga picha wawili walipenya dirishani, wakaipiga picha maiti kitandani. Familia ilikwenda mahakamani, picha zikazuiwa, wapiga picha wakafungwa. Kesi hiyo ndiyo iliyowasukuma watunga sheria kuandika kwamba picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake. Wako wanaotoka nje ya kanuni hiyo: watu mashuhuri katika matukio ya umma, walio kwenye maandamano, na wanaoonekana kwa mbali tu katika mandhari. Bibi anayenunua nyanya sokoni hayumo, na kamera ikimlenga yeye peke yake, aombwe ruhusa.

Mazoea mengine mawili huwashangaza wageni. Mahojiano ya maswali na majibu yanayokwenda kuchapishwa hupelekwa kwa aliyehojiwa ayapitie kwanza. Sheria hailazimishi, ni desturi ya magazeti ya Ujerumani, na binafsi siipendi, kwa sababu mwanasiasa hupata nafasi ya kung’oa meno ya kauli zake mwenyewe. Hata hivyo mwanafunzi ajue kuwa ataombwa, na wakubaliane kabla ya kuketi nini kinaweza kubadilishwa: takwimu sawa, msimamo hapana. La pili ni majina ya watuhumiwa. Kwetu gazeti hutaja majina yote, umri na mtaa wanakoishi. Kule kwa kawaida ni jina la kwanza na herufi moja ya ukoo. Ripoti ya mahakamani iliyoandikwa kwa mtindo wa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, itarudishwa na mhariri wa Berlin.

Limebaki la majira yenyewe. Mwishoni mwa Juni jua la Berlin huzama baada ya saa tatu usiku, neema kwa mpiga video na mtihani kwa anayesubiri kuswali Isha. Tatizo ni watu. Bunge huenda mapumziko kuanzia Julai hadi Septemba, na maofisa wengi huchukua likizo shule zinapofungwa. Barua pepe ya kuomba mahojiano iliyotumwa baada ya kutua itajibiwa na mashine. Itumwe Mei, itaje tarehe mbili, na iulize nani atakuwa kazini mhusika asipokuwapo. Anayetaka kuhojiwa na Idhaa ya Kiswahili ya DW, au kuitembelea, akumbuke pia kuwa iko Bonn, mwendo wa saa kadhaa kwa treni kutoka Berlin.

Na hata barua ikitumwa mapema, majibu ya makumbusho kuhusu asili ya fuvu au mfupa huchukua muda kuliko wiki nne za kozi. Yakifika Oktoba, mwanafunzi ameshaingia mwaka wa tatu na mitihani inamkabili. Hilo ni letu wahadhiri: habari aliyoianza Julai ihesabiwe kuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, apewe msimamizi, na alama zake zisubiri hadi jibu lije.