Fahamu: Kwa nini kurasa za intaneti hufunguka vibaya kwenye kompyuta yako

Picha hazionekani na maandishi yamerundikana upande mmoja? Fungua ukurasa huohuo kwenye dirisha la faragha. Ukurasa ukikaa sawa hapo, huenda kivinjari kinatumia faili za zamani kilizohifadhi. Bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja ili kizipakue upya.

Karibu kila tovuti ikidaiwa si salama, tazama saa ya kompyuta. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2015 huviona havijaanza kutumika. Saa ikirudi nyuma kila ukichomoa umeme, badilisha betri ya ndani, aghalabu aina ya CR2032.

Unatumia Windows 7? Chrome yake iliishia toleo la 109, mwaka 2023. Hapo kurasa mpya zitazidi kukwama.