Mto Msimbazi Hauna Manispaa

Kila mvua kubwa inapofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, lawama huwaangukia waliojenga bondeni. Wapo kweli waliojenga mahali pasipofaa, lakini maji yanayowafuata hayaanzii kwao. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe mkoani Pwani, unakatiza Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Huko juu miti ikikatwa na nyumba zikijengwa kwenye miteremko, mvua huteremsha mchanga unaotuama Jangwani na kuinua kitanda cha mto. Anayefurikiwa si yule aliyekata mti, wala hana ofisi ya kumshitakia.

Hapo ndipo uongozi wa jiji unapokwama. Mkoa wa Dar es Salaam, ambao Sensa ya 2022 iliuhesabia watu zaidi ya milioni 5, una halmashauri tano, kila moja na mkurugenzi, madiwani na bajeti yake. Barabara nyingi za mitaani na mitaro yake ziko kwa wakala wa barabara, TARURA, na majitaka kwa mamlaka ya maji, DAWASA. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipo, ila haipimi viwanja wala haizoi taka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, na mto ukabaki na wenyewe walewale wengi. Sasa mabadiliko ya tabianchi yanatishia kuzidisha mvua za namna hiyo.

Atatokea wa kusema kwamba Halmashauri ya Jiji ilikuwepo, ikavunjwa Februari 2021 kwa kuwa ilikuwa mzigo wa gharama. Ana hoja, maana haikuwa na nguvu ya kuziamuru manispaa. Lakini kazi iliyoishinda bado ipo. Mwingine atautaja mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia, na daraja jipya la Jangwani. Ni mradi mzuri, nami nauunga mkono; tatizo ni kwamba una mwisho, na mchanga utaendelea kushuka kila masika.

Kinachotakiwa ni chombo cha kisheria cha bonde zima, Kisarawe ikiwemo, chenye fungu la kila mwaka, na ambamo madiwani na wenyeviti wa mitaa ya bondeni wana kura, wasiwe wa kupewa taarifa tu. Mgombea udiwani akija kuomba kura, mwulizeni: mradi ukiisha, nani atachimba mchanga, na kwa fedha ipi?