Figo ya Mzazi, Msimu wa Mpunga

Mtoto anaamka uso umevimba, mkojo mchache na wenye rangi nzito. Katika Bonde la Kilombero watu hufikiria kwanza malaria au kichocho, na wengine huanza na mizizi ya porini. Siku zinapita. Akifikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, vipimo vya damu na mkojo huonyesha figo zimefika wapi. Zikishindwa kabisa, njia ni mbili: kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Wazazi hujitokeza haraka kutoa figo. Zamani hilo lilimaanisha safari ya India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, madaktari wake wakishirikiana na wenzao wa hospitali ya BLK, New Delhi. Mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikisaidiwa na Wajapani.

Mapenzi peke yake hayatoshi. Paris, mkesha wa Krismasi 1952, Gilberte Renard alimpa figo mwanawe Marius, kijana wa miaka 16 aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Madaktari walikuwa wameiondoa figo iliyopasuka, kumbe hakuzaliwa na nyingine. Ya mama ilifanya kazi wiki tatu tu, kisha mwili wa kijana ukaikataa. Dawa za kushusha kinga ya mwili hazikuwapo.

Leo zipo, na vipimo ni vikali. Mtoto hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa kila mzazi, lakini makundi ya damu yanaweza kugongana. Mzazi mwenye kisukari au presha isiyotulia hukataliwa, hata akisihi. Tena aulizwe akiwa peke yake, mbali na wajomba na mashangazi, maana ana haki ya kubadili nia hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

Ndani ya chumba hicho, figo iliyooshwa kwa majimaji maalumu ya baridi huwa imepauka. Hushonwa chini ya tumbo, karibu na kinena. Zile za zamani mara nyingi huachwa mahali pake. Vibanio vya mishipa vikifunguliwa, figo mpya hugeuka pinki, na mara nyingi mkojo huonekana papo hapo.

Anayesahaulika ni mtoaji. Kwa wiki kama sita asibebe mzigo mzito, na huku ni mkulima: kuna kupalilia, kuamia ndege, kubeba magunia ya mpunga. Familia ipange mapema nani atashika shamba, na nani atalipia dawa ambazo mtoto atameza kila siku kwa muda wote figo itakapodumu. Mtoaji naye apimwe presha, damu na mkojo kila mwaka, vipimo ambavyo havimlazimu kusafiri hadi Dar es Salaam.