AKIBA YA KOMPYUTA HUWEZA KUOZA
Namna ya kulinda kumbukumbu za kidhibiti cha mitambo ya nyumbani

Katika baadhi ya nyumba siku hizi, taa, pampu za maji na kengele za hatari hazisubiri tena mkono wa mtu. Kompyuta ndogo, ambayo katika makala haya tutaiita kidhibiti, hupokea habari kutoka kwa vihisi mbalimbali, huzilinganisha na kanuni ilizopewa na mwenye nyumba, kisha hutoa amri. Maji yakipungua katika tangi, pampu huwashwa. Tangi likijaa, pampu huzimwa. Programu mojawapo inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Watu wengi huiendesha katika Raspberry Pi, kompyuta iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza mwaka 2012, ambayo kwa ukubwa inakaribiana na kadi ya benki.

Shabaha yetu hapa si kueleza jinsi kidhibiti kinavyojengwa, bali kujibu swali ambalo aghalabu huulizwa kwa kuchelewa: kikiharibika, kitarudishwaje katika hali yake ya awali?

Ni kitu gani kinachopotea?

Kompyuta yenyewe huweza kununuliwa nyingine. Hasara kubwa ni ya habari zilizomo: kanuni zilizotungwa na kusahihishwa kwa miezi mingi, majina ya vifaa, na siri za mtandao wa redio unaoviunganisha. Kwa mfano, vifaa vinavyotumia mfumo wa Zigbee huwasiliana kwa kutumia ufunguo wa siri wenye biti 128. Ufunguo huo ukipotea pamoja na kidhibiti, kila balbu na kila kihisi hulazimika kuunganishwa upya, kimoja kimoja.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mara nyingi habari za Raspberry Pi hukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Ndani ya kadi hiyo, kila chembe ya kumbukumbu hutunza chaji ya elektroni zilizozingirwa na utando mwembamba sana wa kihami. Wakati wa kufuta na kuandika upya, elektroni hulazimishwa kuupenya utando huo, na kila mara utando huchakaa kidogo. Kidhibiti nacho huandika mchana na usiku: taa iliyowashwa, joto lililobadilika, mlango uliofunguliwa. Aidha, umeme ukikatika katikati ya kuandika, mpangilio wa mafaili huweza kuvurugika hata kama kadi ni mpya.

Kazi anayopewa mtumishi asiyesahau

Dawa inajulikana: kutengeneza nakala ya akiba na kuiweka mahali pengine. Lakini binadamu husahau. Kwa sababu hiyo kazi hii hukabidhiwa skripti, yaani orodha ya amri zilizoandikwa katika faili, ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine. Programu iitwayo cron huiamsha skripti kwa saa iliyopangwa, tuseme saa tisa usiku. Programu hiyo, pamoja na tar, ambayo hufunga mafaili mengi kuwa furushi moja, zilikuwamo katika toleo la saba la mfumo wa Unix la mwaka 1979. Hata leo nakala za Home Assistant ni mafurushi ya aina ya tar.

Skripti iliyo kamili hufuata hatua sita:

1. Kupata nakala isiyojipinga. Hifadhidata ikinakiliwa huku ingali ikiandikwa, mwanzo wa nakala huweza kuonyesha hali ya kabla ya badiliko na mwisho wake hali ya baada yake. Ni sawa na karani anayenakili daftari la duka huku mwenzake akiendelea kuandika mauzo. Hifadhidata ya SQLite, ambayo Home Assistant huitumia kwa kawaida, ina njia yake maalumu ya kunakiliwa ikiwa kazini.

2. Kufunga furushi na kulipa jina lenye tarehe. Tukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, majina yatajipanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati.

3. Kulipeleka furushi nje ya kidhibiti. Nakala iliyo katika kadi ileile itakufa pamoja na kadi.

4. Kuhakiki. Kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256 hulifupisha faili lolote kuwa alama yenye tarakimu 64. Alama ya furushi lililotumwa ikilingana na ya lililopokelewa, basi hakuna kilichobadilika njiani.

5. Kufuta nakala za zamani kwa utaratibu.

6. Kutoa taarifa kwamba kazi imekamilika au imeshindikana.

Hatua ya tano inahitaji hesabu. Tuchukulie kwamba nakala moja ina megabaiti 200. Tukitunza nakala za kila siku kwa mwaka mzima, tutahitaji megabaiti 73,000. Tukitunza za siku 7 tu, nafasi itatosha, lakini kosa lililoingia wiki tatu zilizopita litakuwa limenakiliwa katika zote. Tangu enzi za tepu za sumaku, mafundi wametumia mpango wa mwana, baba na babu: nakala 7 za siku, 4 za wiki na 12 za mwezi. Jumla ni nakala 23, yaani megabaiti 4,600 tu, na bado tunaweza kurudi nyuma mwaka mmoja.

Tangu Januari 2025, Home Assistant yenyewe huweza kupangiwa kutengeneza nakala kila siku na kuzifunga kwa ufunguo wa siri. Huo ni msaada mkubwa, ila ufunguo nao hauna budi kutunzwa nje ya kidhibiti. Vinginevyo tutabaki na furushi tusiloweza kulifungua.

Somo la mwaka 2017

Je, mtumishi asiyesahau anatosha? Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu. Nakala za akiba zilikuwa zikitengenezwa kwa skripti. Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa. Zilipotafutwa, hazikuwapo. Chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, na kwa hiyo kila jaribio lilishindwa. Barua za kuonya zilitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa kupokea barua kwa kukosa uthibitisho uliotakiwa. Kampuni iliokolewa na nakala ambayo mfanyakazi aliitengeneza kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Yote yaliyoingizwa katika hifadhidata kwa saa hizo sita yalipotea.

Kampuni hiyo ilikuwa na wataalamu na mitambo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama nakala zilikuwapo kweli. Skripti inayoshindwa kimyakimya ni mbaya kuliko kutokuwa na skripti, maana asiye na akiba hujua kwamba hana, akajihadhari. Kwa hiyo skripti ipangwe kutuma taarifa ya mafanikio kila siku, na ukimya wake uhesabiwe kuwa ni onyo. Katika Unix, programu iliyofaulu hurudisha namba 0, na iliyoshindwa hurudisha namba nyingine. Skripti ni lazima isome namba hiyo baada ya kila hatua, na isimame pale inapoona dosari.

Hata taarifa hiyo si ushahidi wa mwisho. Ushahidi ni mmoja tu: kuchukua kadi tupu, kurudisha nakala, na kuona mitambo ikitii.

Zoezi la darasani

Walimu wenye kompyuta shuleni wanaweza kulifanya jambo hili bila kuwa na nyumba yenye vihisi. Kundi la kwanza la wanafunzi liandike skripti ya kunakili folda moja kila siku. Kundi la pili, bila kuwaambia wenzao, lijaze diski inayopokea nakala au libadilishe jina la folda. Kisha ihesabiwe ni siku ngapi zitapita kabla ya kundi la kwanza kugundua. Mwisho, kila kundi lirudishe nakala katika kompyuta nyingine, na muda uliotumika uandikwe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa na ghala ambalo mtu huweza kuingia akashika nafaka kwa mkono. Akiba ya kompyuta haionekani wala hainuki inapoharibika, na mwenye kuitegemea hana budi kuionja mara kwa mara.