Boti ya Mbao: Bania Mbao, Usibanie Gundi

Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilidhamini boti ndogo ya tanga ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiunda nyumbani. Waliibuni Jack Holt, mchoraji wa boti, na Barry Bucknell, mtangazaji wa vipindi vya ufundi wa nyumbani. Vipande vya plaiwudi vilishonwa kwa waya wa shaba, kisha viungio vikafunikwa kwa kitambaa cha fibaglasi na resini. Ina urefu wa mita 3.3, na zimeshaundwa zaidi ya 70,000, nyingi kwa mikono ya watu wasio mafundi.

Siri ni plaiwudi yenyewe. Ubao mzima huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, ndiyo maana mashua zetu haziishi bila kalafati. Katika plaiwudi, kila tabaka limelazwa kukingama na la chini yake, hivyo tabaka moja hulizuia jingine kutanuka.

Lakini matabaka hayo yameshikwa na gundi, na hapo ndipo urahisi wa bei unapoponza. Gundi ya yurea huvunjwavunjwa na unyevu na joto; ya fenoli hustahimili. Dukani utaonyeshwa "marini bodi" nyeusi inayong'aa. Jina lisikuhadae: nyingi zimetengenezwa kwa kumwagia zege, na ndani zinaweza kuwa na mianya. Plaiwudi ya baharini ya kiwango cha BS 1088 hudhibitiwa hata kwa mianya hiyo, ila bei yake inauma.

Njia ya kujihakikishia ipo jikoni. Chemsha kipande kwa saa 4, kianike hadi kikauke kabisa, kichemshe tena saa 4. Kikibanduka, bodi hiyo ni ya kabati.

Kwenye mbao nzima unaweza kubana matumizi. Ngalawa nyingi za Zanzibar huchongwa kwa mwembe, mti usiosifika kwa kudumu, lakini hupatikana kwa urahisi. Mtiki wa mashamba kama Longuza, Muheza, ni mzuri ukipata kiini. Mbao nyeupe ya pembeni huoza kama mbao yoyote ya bei ndogo. Kuvu wa kuozesha hushindwa kufanya kazi unyevu wa mbao ukiwa chini ya asilimia 20. Kwa hiyo mwembe uliopakwa rangi vizuri na kupata hewa utaushinda mtiki unaotuamiwa na maji ya mvua. Naam, ya mvua: ya bahari yana chumvi, na kuvu hawaipendi.

Misumari nayo isikupite. Tumia iliyochovywa zinki, maana zinki huliwa kwanza na kukinga chuma. Usiichanganye na ya shaba. Ndani ya maji ya chumvi shaba huharakisha kutu ya chuma.

Kama fedha haitoshi, punguza urefu wa boti kabla ya kupunguza ubora wa gundi na misumari. Na kabla ya kulipia bodi nzima, mwombe mwenye duka kipande cha kuchemsha. Akikataa, nenda duka la pili.