Waya haubebi ukuta

Katika ukuta wa matofali ya saruji yenye matundu, nondo za wima huunganishwa kwa kupishanishwa ndani ya tundu moja, zikafungwa waya, kisha tundu likajazwa zege. Kazi ya waya ni kuzuia nondo zisihame zege linapomwagwa, basi. Nguvu hutoka kwenye nondo moja, ikapita kwenye zege, ikapokewa na nondo ya pili.

Nguvu yenyewe si ndogo. Nondo ya milimita 12 yenye uwezo wa megapaskali 460 inaweza kuvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 5 hivi kabla haijaanza kurefuka moja kwa moja. Inapovutwa, mbavu zake hulisukuma zege kuelekea nje. Zege na tofali vikielemewa, hutokea ufa wa wima sambamba na nondo, na maungio huachia ilhali nondo zenyewe ni nzima.

Kwa miaka mingi wahandisi wa Marekani walipishanisha nondo kwa urefu wa mara 48 ya kipenyo: kwa nondo ya milimita 12, takribani sentimita 58. Hesabu hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini huzipendelea mno nondo nene. Ukitoka milimita 12 kwenda 16, nguvu ya nondo huongezeka kwa karibu asilimia 78, ilhali eneo linaloshikana na zege, kwa kila sentimita ya urefu, huongezeka kwa asilimia 33 tu. Ndiyo maana kanuni mpya za huko huangalia pia unene wa zege na tofali vinavyoizunguka nondo, pamoja na uimara wa ukuta wenyewe. Mara nyingi nondo nyembamba zilizokaribiana ni salama kuliko nene chache.

Mahali pa kuchunga zaidi ni chini ya ukuta wa kuzuia udongo, nondo zinapochomoza kutoka kwenye msingi. Hapo mvuto ni mkubwa kuliko kwingine, na hapo hapo ndipo hurundikana saruji na mchanga vinavyodondoka fundi akipanga matofali. Zege lisipofika hapo, maungio yameshika hewa.

Kwa hiyo, kabla ya kumwaga zege, pima mapishano kwa futi kamba, safisha tundu, tumia zege jepesi linalotiririka, kisha lishindilie. Ukuta ukishajazwa, kosa la ndani halionekani tena kwa macho.